Kipepeo Si Kinyonga

Anapotajwa mnyama mwenye rangi za ajabu, mawazo ya Mswahili hukimbilia kwa kinyonga. Jina lake limekwisha kuwa tusi la kigeugeu, na katika darasa la biolojia limekuwa kimbilio la mwanafunzi asiyejua la kujibu. Akiulizwa kwa nini nondo wa miji ya viwanda nchini Uingereza walipata kuwa weusi, huandika kwamba walijibadilisha rangi ili wafanane na masizi. Mwalimu hutia alama ya kosa, huandika jibu sahihi kwa wino mwekundu, na mwaka unaofuata kosa lile lile hurudi kwa mwandiko mwingine.

Kosa hili halitokani na uvivu, wala halitibiki kwa wino mwekundu. Lina mizizi miwili. Wa kwanza ni mfano wenyewe: mwanafunzi amemwona kinyonga akigeuka kutoka kijani kuwa kahawia, na hajapata kumwona kiumbe mwingine akibadilika rangi mbele ya macho yake; basi huchukua alichokiona akakipachika kwa asichokiona. Wa pili ni lugha. Vitabu vya sayansi vya sekondari za Tanzania na Kenya vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo yanayoingia moyoni aghalabu hutolewa kwa Kiswahili, barazani baada ya kipindi, au mwanafunzi kwa mwenzake chini ya mwembe. Hapo ndipo huingia kiambishi kidogo "-ji-" na rafiki yake "ili". Nondo alijibadilisha. Twiga alijirefusha shingo. Mdudu alijikinga. Kila kitenzi cha namna hiyo humpa mnyama nia, na neno "ili" humpa na lengo la safari yake. Kiswahili hakina hatia. Kimezoea kusimulia habari za sungura na fisi, ambao katika ngano kweli wana nia na hila. Hatari ni kukiacha kisimulie habari za jeni kwa desturi ile ile.

Kinyonga naye apewe haki yake. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Geneva na kuchapishwa mwaka 2015, juu ya kinyonga mmoja wa Madagascar, ulionyesha kwamba ndani ya chembe za ngozi yake mna fuwele ndogo mno zilizopangwa kwa safu. Fuwele hizo zikikaribiana huakisi mwanga wa samawati; zikiachana huakisi mwanga wa manjano na mwekundu. Dume hugeuka anapokutana na dume mwenzake au anapomtaka jike, na si kwa kujificha tu kama watu wadhanivyo. Lakini yote hayo hutokea katika maisha ya mnyama mmoja, kwa muda wa dakika chache. Kinyonga akishinda kutwa nzima amejigeuza hudhurungi, mayai yake hayapati hata tone la hudhurungi hiyo. Anachorithisha ni uwezo wa kugeuka, si rangi aliyoigeukia.

Nondo wa Uingereza, ambaye wataalamu humwita Biston betularia, ni habari nyingine kabisa. Nondo mweusi wa aina hiyo alirekodiwa mjini Manchester mwaka 1848. Ilipofika 1895 karibu 98 katika kila 100 mjini humo walikuwa weusi. Katika muda huo wote hapana nondo hata mmoja aliyegeuka. Aliyetoka katika pupa akiwa mweupe alikufa mweupe. Kilichobadilika ni hesabu: juu ya magome yaliyojaa masizi ndege waliwaona weupe upesi wakawala, nao weusi wakabaki kuzaa. Mwaka 2016 wachunguzi wa Liverpool walitangaza kwamba weusi huo ulitokana na kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kilichoingia katika jeni iitwayo cortex, wakakadiria kwamba tukio hilo lilitokea karibu na mwaka 1819. Moshi haukulileta, moshi uliikuta rangi hiyo iko, ukaipa soko. Baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 magome yalianza kutakata, na weusi nao wakapungua kizazi baada ya kizazi. Aliyewahi kupepeta nafaka analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Ungo haulifundishi pepe kuwa punje. Hulipeperusha, na punje ikabaki.

Mfano wa nondo ni mzuri, wala haifai kuufuta. Lakini una upungufu wake katika shule ya Tabora au Kisii. Mwanafunzi hajaona gome la mti wa Manchester, hajui nondo huyo akiwa mzima, na rangi zenyewe ni mbili tatu tu, nyeusi na nyeupe na za katikati. Humkariri nondo kama anavyokariri tarehe za vita vya kale vya Ulaya. Na huku nyuma ya shule yake, katika misitu ya Afrika, anaruka kipepeo ambaye Edward Poulton wa Oxford alimwita, katika makala iliyochapishwa mwaka 1924 katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, kipepeo wa kuvutia kupita wote duniani. Ni shida kumlaumu Poulton kwa kutia chumvi.

Kipepeo huyo ni Papilio dardanus. Dume wake ana rangi ya manjano hafifu iliyopambwa kwa nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Madume wa Afrika Kusini, wa Uganda na wa Madagascar hawatofautiani sana. Majike ndio wenye kioja. Katika sehemu kubwa ya bara la Afrika jike hana mkia, na hafanani na dume hata kidogo. Zaidi ya hayo, majike wenyewe kwa wenyewe hawafanani. Yuko aliye mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Yuko aliye mweusi mwenye madoa madogo na sehemu ya manjano iliyofifia katika bawa la nyuma. Yuko mwenye rangi ya chungwa lililoiva, ncha za mabawa zikiwa nyeusi zenye baka jeupe. Maumbo ya majike yaliyopewa majina hupita kumi, na katika msitu mmoja huweza kuonekana kadhaa kwa pamoja.

Kila umbo lina mwenziwe ambaye si ndugu yake. Yule mwenye mabaka meupe hulandana na kipepeo aitwaye Amauris niavius. Yule wa madoa hulandana na Amauris echeria. Yule wa rangi ya chungwa hulandana na Danaus chrysippus, ambaye kila mtoto aliyepata kukimbiza vipepeo shambani amemwona, ajapokuwa hajui jina lake. Hao wanaofananwa nao wana sumu: viwavi wao hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na ndege akionja mmoja wao humtema, akaikumbuka rangi ile. Papilio dardanus hana sumu hiyo. Viwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya mchungwa, na ndege akimkamata humla bila ya madhara. Anaponea kwa sura ya mwingine.

Jambo la namna hii lilielezwa kwanza na Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika nchi za mto Amazon, akachapisha maelezo yake mwaka 1862. Kwa Kiswahili huitwa uigaji, na hapa hapana budi kusema kwamba hata neno hilo lina ujanja ndani yake, maana mwigaji ni mtu anayemtazama mwenzake akamfuatisha. Kipepeo hajamtazama mtu. Neno "ufanano" lingefaa zaidi. Lakini maneno yaliyokwisha kuzoeleka si rahisi kuyang'oa, na yatosha mwalimu awe macho.

Kwa muda mrefu majike hao walihesabiwa kuwa spishi mbalimbali. Roland Trimen, aliyefanya kazi Cape Town, ndiye aliyedai mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja wa manjano. Dai hilo lilionekana kama kichekesho kwa baadhi ya wakusanyaji wa vipepeo waliokuwa Ulaya, wenye masanduku mengi na misitu michache. Lakini baadaye mayai ya jike mmoja yalipofugwa hadi kutoka vipepeo, mabinti wa sura tofauti walitoka katika tumbo moja, na ubishi ukaisha.

Hapo ndipo somo la urithi linapoanza. Binti mmoja hutoka na mabaka meupe, na dada yake hutoka na madoa, na hakuna aliyechanganya sura mbili. Cyril Clarke na Philip Sheppard wa Liverpool, katika miaka ya 1950 na 1960, waliwapandisha vipepeo hawa kwa mikono, dume na jike wakishikwa na kukutanishwa, wakahesabu watoto. Walikuta kwamba sura ya jike huamuliwa na sehemu moja ya kromosomu, iliyopewa alama H, yenye namna nyingi za jeni ambazo hutawalana kwa daraja. Katika vipepeo wa Afrika Kusini, kwa mfano, umbo la madoa, liitwalo cenea, hutawala umbo la mabaka meupe, liitwalo hippocoonides. Jike mwenye mabaka meupe akipandishwa na dume aliyebeba namna moja ya cenea na moja ya hippocoonides, nusu ya mabinti huwa wa madoa na nusu wa mabaka. Wana wa kiume wote hutoka wa manjano wenye mikia, kama baba yao, ingawa nao wamebeba jeni zile zile.

Mwanafunzi hushtuka akisikia kwamba dume hubeba jeni ya vazi asilolivaa kamwe. Mfugaji hashtuki. Fahali hatoi maziwa, lakini mfugaji huuliza mama wa fahali alikamuliwa lita ngapi kabla ya kumnunua, kwa kuwa anajua binti za fahali huyo watakamuliwa vipi.

Kwa nini basi majike wasifanane wote na kipepeo mmoja mwenye sumu? Hapa hesabu huingia tena. Sumu ya Amauris humlinda Papilio dardanus maadamu ndege hukutana na Amauris mara nyingi kuliko hukutana na mwongo. Umbo moja likizidi kuenea, ndege wengi watalionja kabla ya kuionja sumu yenyewe, na rangi ile itapoteza heshima yake. Umbo lililo adimu ndilo lenye faida, mpaka nalo lienee. Kwa njia hiyo maumbo mengi huendelea kuwepo pamoja, hakuna linalolifuta jingine.

Ushahidi bora wa jambo hili ulitoka Afrika Mashariki yenyewe. E. B. Ford wa Oxford, katika maandishi yake, alilinganisha vipepeo waliokusanywa Entebbe na wale waliokusanywa karibu na Nairobi. Entebbe vipepeo wenye sumu walikuwa wengi mno kuwazidi majike wa Papilio dardanus. Na majike wenye sura pungufu, wasiofanana barabara na yeyote, walikuwa wachache sana. Nairobi vipepeo wenye sumu walikuwa adimu kuliko hata wanaofanana nao. Na huko majike wenye sura pungufu walikaribia theluthi moja. Pasipo mwalimu mwenye sumu, ndege hawakuwa na sababu ya kuchuja sura. Mwendo wa siku mbili kwa gari, na mchujo umebadilika. Ni vigumu kueleza kwa nini takwimu kama hizi hazijulikani katika madarasa ya Entebbe na Nairobi kama zijulikanavyo zile za Manchester.

Palibaki fumbo moja, nalo linamhusu mtu ambaye jina lake kila mwanafunzi wa urithi huliandika. Reginald Punnett, mwenye ule mraba wa Punnett, alitoa mwaka 1915 kitabu juu ya ufanano wa vipepeo. Aliona kwamba sura nzima ya bawa huamuliwa kwa jeni moja, akahitimisha kwamba sura hiyo ilizuka mara moja, kamili, kwa mruko mmoja. R. A. Fisher alimpinga: jeni moja inaweza kuwa swichi, alisema, lakini taa yenyewe imetengenezwa pole pole na jeni nyingine nyingi. Clarke na Sheppard waliufikia ugomvi huo kwa kuwachanganya vipepeo wa bara la Afrika na wale wa Madagascar, ambako majike hufanana na madume na wana mikia. Watoto wa mchanganyiko hawakuwa na sura safi. Jeni iliyotawala barabara ikiwa nyumbani kwake ilitawala nusunusu ikiwa ugenini, na mabawa yakawa na sura iliyovurugika. Maana yake ni kwamba katika bara vizazi vingi vya mchujo vilikuwa vimekusanya jeni saidizi zinazoing'arisha kazi ya ile kuu, na Madagascar jeni saidizi hizo hazipo. Kwa hiyo Punnett alikuwa na sehemu ya haki, na Fisher alikuwa na sehemu iliyo kubwa zaidi.

Tangu mwaka 2008 swichi yenyewe imeanza kuonekana. Uchunguzi wa DNA umeipeleka alama H mahali penye jeni mbili jirani, engrailed na invected. Jeni hizi si ngeni. Katika nzi wadogo wa matunda engrailed husaidia kuchora mipaka ya pingili za mwili wa kiinitete. Chombo cha kale cha kupimia mwili kimetumika tena kupaka mabawa. Mwaka 2020 ilichapishwa pia habari kwamba katika historia ya maumbo hayo kipande cha kromosomu katika sehemu inayoziongoza jeni hizi kiligeuzwa nyuma mbele. Kugeuzwa huko huzuia vipande kubadilishana ovyo wakati wa kuunda mbegu za uzazi, hivyo sura hurithiwa kwa ujumla wake bila kumeguka.

Na asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa wapenda vipepeo. Clarke alikuwa tabibu. Kazi yake ya urithi wa mabawa ilimwingiza katika urithi wa makundi ya damu, na katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wa Liverpool walikuwa miongoni mwa waliovumbua kinga ya anti-D, ambayo hadi leo huwaokoa watoto wa akina mama wasio na Rhesus.

Madhara ya kumchanganya kipepeo na kinyonga, kwa upande mwingine, huonekana katika zahanati. Mgonjwa husema malaria imezoea dawa; mkulima husema wadudu wamezoea sumu. Kuzoea ni kazi ya kinyonga, ni jambo la mnyama mmoja na siku zake. Vimelea havizoei. Miongoni mwa mamilioni, vichache huwa na jeni iliyobadilika kwa bahati, dawa huua vingine, navyo huzaa. Anayeamini habari ya kuzoea hataona ubaya wa kumeza nusu dozi, kwani nusu dozi kwake ni mazoea madogo. Hajui kwamba amepepeta kwa ungo uliotoboka. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993 kwa kuwa haikutibu tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dawa hiyo iliyoachwa iliwaponya huko karibu wagonjwa wote waliopewa. Kama vimelea vingalikuwa vimeizoea, ingebidi kusema vimeisahau. Ukweli ni wa Manchester ile ile: moshi ulipoondoka, weusi walizaa wachache kuliko weupe.

Kwa hiyo lipo jambo jepesi linaloweza kuanza muhula huu, bila kungoja mtaala mpya wala fedha za mfadhili. Mwalimu akisahihisha, asifute jibu zima. Apige mstari chini ya "-ji-" na chini ya "ili", amtake mwanafunzi aandike upya kwa vitenzi vitatu tu: kuzaliwa, kuliwa, kuzaa. Walizaliwa weusi wachache. Weupe waliliwa zaidi. Weusi walizaa zaidi. Sentensi hiyo haina uzuri wa ngano, lakini haina uongo.

Na wanyama wa kutazama wapo. Mlimau ulio nyuma ya nyumba ya mwalimu una viwavi wa Papilio demodocus, ndugu wa karibu wa kipepeo huyu. Kiwavi akiwa mdogo ni mweusi na mweupe, kama kinyesi cha ndege kilichodondoka juu ya jani. Akikua huwa kijani. Mwanafunzi mwerevu atadai mara moja kwamba huyo amejigeuza. Ajibiwe kwamba kiwavi hugeuka kwa ratiba ya homoni zake aliyoirithi, hata akifugwa ndani ya chupa ambamo hapana ndege wa kumtazama. Ufugaji wenyewe si mgumu: chupa pana, kitambaa chenye matundu, majani mabichi kila siku. Wakulima wa ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa tangu mradi wa Kipepeo ulipoanzishwa mwaka 1993, na wengi wao hawakuhitaji maabara.

Kwa mtihani wa majaribio, swali hili latosha. Jike wa Papilio dardanus mwenye mabaka meupe amepandishwa na dume wa manjano. Mabinti wake wote wana madoa. Baba amebeba jeni zipi, na ndugu zao wa kiume watakuwa na sura gani? Mwanafunzi atakayejibu kwamba baba hana jeni ya madoa kwa sababu yeye mwenyewe hana madoa, arudishwe zizini kwa yule fahali.